Fiqhi ya Msafiri: Kutoka Jangwani Hadi Milima ya Rubavu



Ndugu zangu, kila likizo inapokaribia, mipango ya matembezi huanza. Hapa Gisenyi ndipo inapoanzia njia ya Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, ikipita Rubavu, Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Wengine hutamani Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote nchini, wenye mita 4,507. Kutembea na kutazama viumbe vya Allah ni jambo jema. Swali ni je, tunaijua fiqhi ya safari hiyo?

Hukumu nyingi za safari walifundishwa kwanza watu wa jangwani, penye maji haba na jua kali. Sisi tunatembea penye maji tele, matope na baridi. Anayebeba hukumu bila kujua sababu yake, yaani illa, atajiruhusu asichoruhusiwa, au atajitia katika dhiki ambayo sheria imemwondolea. Tuangalie mambo manne.

1. Maji na tayamamu

Aya ya 6 ya Suratul-Maida imeruhusu tayamamu kwa mgonjwa na kwa aliyekosa maji. Haikuifanya kuwa zawadi ya kila msafiri. Anayetembea kutoka Gisenyi kuelekea kusini ana ziwa mkono wake wa kulia. Uchovu wa kushuka mteremko hadi majini si udhuru, maadamu wakati upo na njia ni salama. Jambo jingine: maji yanayofaa kwa udhu si lazima yawe salama kwa kunywa. Tawadha kwa maji ya ziwa, lakini ya kunywa yachemshe.

Karisimbi ni habari nyingine. Wapandaji hulala kambini karibu na mita 3,700, na usiku wake ni wa baridi kali. Mwaka wa 8 Hijria, katika msafara wa Dhatu Salasil, Amr bin Al-As (r.a.) alipata janaba usiku wa baridi. Akaogopa kwamba kuoga kungemwangamiza, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (s.a.w.) alitaja aya inayokataza mtu kujiua. Mtume akacheka wala hakumlaumu. Kisa hiki amekipokea Abu Daud.

Hofu hiyo ina ushahidi hapa hapa kwetu. Mwaka 1908, wapagazi wapatao 20 wa msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein walikufa kwa baridi juu ya Karisimbi. Ikweta haimzuii mtu kufa kwa baridi.

Basi beba jiko dogo la gesi. Ukiweza kupasha maji moto nje ya hema, udhuru umeondoka. Beba pia kimfuko cha udongo mkavu, kwa sababu mafaqihi wa Kishafii wanataka udongo wenye vumbi, na udongo wa huko juu mara nyingi umelowa. Kwa madhehebu hayo, aliyetayamamu kwa sababu ya baridi tu huirudia swala yake baadaye.

2. Nani ni msafiri?

Kubeba begi na hema hakumfanyi mtu kuwa msafiri wa kupunguza swala. Kwa Mashafii na wengi wa wanazuoni, masafa ni takriban kilomita 80 kwenda. Mkaazi wa Gisenyi anayetembea siku mbili na kuishia Kinunu, Rutsiro, hajafika huko, basi ataswali rakaa nne kamili. Mwenzake aliyetoka Kigali, mwendo wa kilomita 150 na zaidi kwa barabara, anapunguza. Lakini akinuia kukaa Gisenyi siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkaazi.

3. Kibla

Simu huishiwa chaji, hasa kwenye baridi. Kutoka Gisenyi, kibla iko kaskazini ikielemea mashariki kwa nyuzi kama 24. Mbingu ikiwa wazi, alama zake ni kubwa: Nyiragongo iko karibu kaskazini kamili, na Karisimbi iko kaskazini-mashariki. Elekea katikati ya milima hiyo miwili. Ukiwa njiani kuelekea kusini, kibla iko nyuma yako, upande wa bega la kushoto.

4. Mahali pa kulala

Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) amewakataza wasafiri kupiga kambi ya usiku njiani, kwa sababu ndipo wanapopita wanyama na wanapokimbilia wadudu wa sumu. Tazama illa: ni hatari isiyoonekana gizani.

Kaskazini mwa Ziwa Kivu, hasa upande wa Goma, hatari hiyo ina jina: mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini penye volkano. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri upepo unapotulia. Huua watu na mifugo.

Kwa hiyo usipige hema shimoni kwa kutafuta kinga ya upepo. Chagua mahali palipoinuka, na waulize wenyeji kwanza. Ukiona ndege au wanyama wamekufa bondeni, ondoka. Mwenzako akianguka humo, usimfuate kwa pupa; wengi hufa wakiokoa. Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika moja, maana moshi wake nao una gesi inayoua.

Mwisho, Mtume (s.a.w.) ameagiza watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa amiri. Mteueni anayejua kusema "turudi". Mlimani, kurudi si woga; ni kuilinda amana ya nafsi, na mlima utakuwepo mwakani.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini tayamamu ya Karisimbi si sawa na ya pwani ya Kivu?
2. Katika kundi lenu, nani atapunguza swala na nani hatapunguza?
3. Onyesheni kibla kutoka uwanja wa chuo bila simu.

Wallahu a'lam.