SOMO: WAVU UNATUAMBIA NINI?



Historia tuliyofundishwa shuleni ni ya wafalme, wapelelezi na magavana. Kuhusu Ziwa Mweru tuliambiwa kwamba Livingstone alilifikia Novemba 1867. Waliombebea mizigo hawakutajwa. Leo tujifunze kusoma historia katika vyombo vya kazi.

Huko Mbala, kaskazini mwa Zambia, yapo Makumbusho ya Moto Moto. Padri mmoja Mkanada, Jean-Jacques Corbeil, ndiye aliyekusanya vitu vyake vya mwanzo, na mwaka 1974 yakawa makumbusho ya taifa. Ni kazi njema. Lakini chombo kikishawekwa ndani ya kabati la kioo hutuonyesha ufundi tu. Nani alilipwa nini, hapo kabati liko kimya.

Tuchukue wavu wa Nchelenge. Zamani ulisukwa kwa nyuzi za mimea, ukaja wa pamba, kisha wa nailoni. Kwa nini? Tutazame ng'ambo, Katanga. Mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wachimbaji walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga, kwenye Mto Luapula upande wa Kongo, walinunua samaki na kuwapeleka mjini kwa malori. Aliyetafutwa sana ni mpumbu. Mvua zikianza, mpumbu hupanda mto kwenda kutaga, na nyavu zilimngoja njiani. Hata kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha adimika.

Kwa hiyo wavu huo, ambao mgeni angeuita chombo cha mila, ulifanya kazi ya mgodi. Mchimba shaba na mvuvi hawakuonana, lakini bei ya kitoweo cha yule ndiyo iliyokuwa pato la huyu. Tajiri wa katikati alijua bei zote mbili.

Siku hizi katika soko la Kashikishi inatawala chisense, samaki mdogo kama dagaa, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Waanikaji na wachuuzi wengi ni akina mama. Nao vilevile ni wafanyakazi, ingawa hawapigi kengele wala kadi ya saa.

Wazee waliomvua mpumbu alipokuwa tele wamebaki wachache mno. Tunaomba kila tawi lianze kukusanya sasa: nyavu kuukuu, hati za mshahara, kadi za chama, daftari za wachuuzi. Kila kitu kiandikiwe kilitumiwa na nani, kazi gani, na kwa malipo gani. Kitu kisicho na maelezo hayo ni takataka yenye umri.

Swali la kujadili tawini: katika kiwanda chenu au shamba lenu, ni chombo gani kimeondolewa, na walioishi kwa chombo hicho wako wapi leo?