SOMO LA VYAMA VYA WAVUVI: USALAMA WA MWANACHAMA MAJINI



Katika ofisi ya chama cha wavuvi kuna daftari la mali. Humo mmeandikwa mitumbwi, nyavu, mashine na karabai, kila kifaa na bei yake. Kifaa kikipotea, katibu aweza kukitambua mara moja. Lakini mwanachama akienda ziwani usiku asirudi, katika mialo mingi hakuna karatasi inayoonyesha alitoka saa ngapi, alikuwa na nani, wala alielekea wapi. Wa kwanza kuingiwa na wasiwasi ni mkewe, na wakati huo jua limekwisha panda.

Somo hili lahusu upungufu huo. Mifano yake ni ya Ziwa Viktoria. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba usalama wa mvuvi si jambo la bahati wala la ushujaa wa mtu mmoja, bali ni kazi ya chama.

1. Tabia ya ziwa

Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kirefu ni kama mita 80 tu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka nchi kavu pande zote, ukakutana juu ya ziwa, na hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na kabla ya mapambazuko, saa zile zile mvuvi wa dagaa anapokuwa mbali na karabai zake.

Kwa hiyo anga nyeupe ya jioni si ahadi ya usiku mwema. Yafaa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kila siku, na katibu aubandike mwaloni mahali panapoonekana na wote.

2. Shehena na mizani ya chombo

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimekaribia gati. Watu 228 walikufa. Kivuko hicho kilikuwa na nafasi ya watu wapatao 100, nacho kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, nayo ilikuwa imezidishiwa abiria.

Mtumbwi wa mvuvi hufuata kanuni ile ile. Uzito ukizidi, ukingo hukaribia maji na wimbi dogo huingia. Uzito ukihamia upande mmoja ghafula, chombo hulala. Basi nyavu na samaki wawekwe chini, katikati ya chombo. Anayevuta wavu asifuatwe na wenzake wote upande wake. Na kopo la kuchotea maji lisikosekane kamwe. Samaki wakizidi uwezo wa chombo, wengine waachwe. Hasara ya samaki hulipika.

3. Kuingia majini kwa miguu

Ajali hutokea pia hatua chache kutoka ukingoni, wakati wa kusukuma mtumbwi au kutega nyavu. Mambo manne yakumbukwe.

(a) Shika mti mrefu, upime chini kabla ya kukanyaga. Tope na mashimo hayaonekani katika maji machafu.
(b) Usivuke kiuno ukiwa peke yako. Viatu virefu vya mpira vikijaa maji huwa mzigo miguuni. Visivaliwe kwenye maji yanayozidi kimo chake.
(c) Mamba huwinda zaidi magharibi na usiku. Kiboko hutoka kula majani usiku. Usisimame kati yake na maji.
(d) Maji ya ukingoni yenye majani na konokono huleta kichocho. Vijidudu vyake huingia mwilini kupitia ngozi kwa dakika chache tu. Dawa ipo, na wavuvi wapimwe mara kwa mara bila kungoja kuona damu.

4. Chombo kikipinduka

Jaketi la kuokolea huokoa aliyelivaa. Lililokunjwa chini ya nyavu halisaidii, kwa kuwa chombo hupinduka ghafula. Livaliwe kabla ya kuondoka, hata na ajuaye kuogelea, maana baridi na uchovu humshinda mwogeleaji hodari.

Mtumbwi wa mbao uliopinduka kwa kawaida huelea. Ushikeni wala msiuache kwa kutamani nchi kavu. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na chombo huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.

Anayezama atupiwe kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Anayemrukia mikono mitupu huweza kuzamishwa pamoja naye. Akitolewa hapumui, alazwe chali, kidevu kiinuliwe, apewe pumzi kinywa kwa kinywa, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2, na mtu mwingine aite msaada. Asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Kufanya hivyo ni kupoteza wakati.

5. Wajibu wa chama

Katibu afungue Daftari la Safari lenye safu sita: jina la nahodha na wenzake, chombo, saa ya kutoka, upande waelekeao, saa ya kurudi, na idadi ya majaketi. Zamu ya mwaloni iwe na mtu wa kulijaza. Mkutano uamue mapema ni baada ya saa ngapi za kuchelewa watafutaji watatoka, kwa chombo gani na kwa mafuta ya nani. Uamuzi huo haufai kungojea usiku wa msiba.

Kuhusu fedha, chama kinachoweza kumkopesha mwanachama wavu na kukata deni katika mauzo ya samaki kinaweza kumkopesha jaketi kwa njia hiyo hiyo. Bodi ipitishe azimio kwamba chombo cha chama hakitoki bila majaketi yanayotosha watu wake.

Maswali ya kujadiliwa

1. Jana usiku vyombo vingapi vya chama chetu vilitoka, na nani anaweza kuthibitisha kwamba vyote vimerudi?
2. Wavuvi wetu wangapi wana majaketi, na wangapi huyavaa?
3. Chombo kikichelewa leo, nani ataanza kutafuta?

Ikiwa swali la kwanza halijibiki, Daftari la Safari na lifunguliwe kabla ya vyombo kutoka jioni ya leo.