MIFUPA YA MWANADAMU, NA SALA YA ALIYEVUNJIKA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo zuri, akamsimamisha kwa mifupa, na mifupa hiyo akaifunga kwa kano. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baada ya hayo. Haya ni maneno machache juu ya mifupa iliyomo katika miili yetu: hesabu yake, kazi yake, na namna ivunjikavyo na kuungika. Lililonipelekea kuyaandika ni jambo lililoenea katika miji yetu ya pwani. Mtu huanguka mnazini, au huangushwa na pikipiki, akavunjika mguu, basi utamwona ameacha sala miezi mitatu, na ukimuuliza hujibu, "Nimefungwa plasta, sina udhu." Na mwengine, kwa pupa ya ibada isiyokuwa na elimu, hufungua mabanzi kila wakati wa sala ili apate kuosha mguu, hata mfupa ukaungika upogo. Wa kwanza amepoteza haki ya Mola wake, na wa pili amepoteza haki ya mwili wake, na wote wawili wamefikwa na hayo kwa kutojua.

FASLI YA KWANZA: HESABU YA MIFUPA

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba mifupa ya mtu mzima ni 206. Mtoto azaliwapo huwa na vipande vingi kuliko hivyo, na vingi katika hivyo huwa bado ni gegedu laini; kisha kila akuapo vipande hushikana na gegedu hugeuka mfupa, hata akafika ujana wake.

Katika kichwa mna mifupa 22: 8 ni ya fuvu lililoufunika ubongo, na 14 ni ya uso. Ndani ya kila sikio mna vifupa 3, na kimoja katika hivyo ndicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, na 12 zilizoshika mbavu, na 5 za kiuno. Chini yake upo mfupa mmoja uliofanyika kwa pingili 5 zilizoungana, na mwisho wake ni kifandugu. Mbavu ni jozi 12, kwa mwanamume na kwa mwanamke sawasawa. Wala si kweli wasemavyo baadhi ya watu ya kwamba mwanamume amepungukiwa na ubavu mmoja. Kila mkono, tokea kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 27, na kila mguu, tokea kifundo hata vidoleni, una 26. Ukijumlisha mikono miwili na miguu miwili utapata 106, nayo ni zaidi ya nusu ya mifupa yote. Na mfupa mrefu kuliko yote, tena wenye nguvu, ni ule wa paja.

Akiuliza mwenye kuuliza, "Hesabu hii imejulikanaje?", jawabu yake ni kwamba imejulikana kwa kutazama kwa macho. Na katika walioifungua njia hiyo alikuwamo mwanachuoni wa Kiislamu, Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162 na kufa mwaka 1231. Alikuwako Misri ilipoingia njaa kubwa ya mwaka 1200 hata 1202, watu wakafa wengi mno, mifupa ikabaki mirundo juu ya ardhi. Waganga wa zama zile walikuwa wakifuata vitabu vya Galen Myunani, naye alikuwa amesema kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abdul-Latif akaenda akatazama mafuvu zaidi ya 2000, asione illa mfupa mmoja usiokuwa na kiungo. Akaandika hayo katika kitabu chake cha khabari za Misri, akasema kwamba lililoshuhudiwa kwa macho ni la kutegemewa kuliko kauli ya Galen, pamoja na kumkiri ubora wake. Leo inajulikana kwamba taya hilo kwa mtoto mchanga ni vipande viwili, navyo hushikana katika mwaka wake wa kwanza. Basi tazama adabu ya mtu yule: hakumtukana aliyemtangulia, wala hakufumba macho yake kwa ajili yake.

FASLI YA PILI: KAZI YA MIFUPA

Kazi yake ya kwanza ni kuusimamisha mwili, kama nguzo na boriti zisimamishavyo nyumba. Lau si mifupa, mwanadamu angelikuwa kama nguo iliyoangushwa chini.

Ya pili ni kulinda. Fuvu limeuzunguka ubongo, mbavu zimeuzunguka moyo na mapafu, na pingili za mgongo zimetobolewa katikati, ukapita ndani yake ugwe unaopeleka amri za ubongo katika viungo. Kwa sababu hii mwenye kuumia shingo au mgongo haifai kunyanyuliwa na kukunjwa ovyo, kwani pingili iliyovunjika huweza kuukata ugwe ule, na mtu aliyekuwa wa kupona akawa kiwete wa maisha.

Ya tatu ni mwendo. Misuli huvuta, mifupa ikavutwa, na viungo vikakunjika. Na kila ncha ya mfupa iliyo katika kiungo imevikwa gegedu, na baina yake mna ute mfano wa mafuta ya mashine, ili mfupa usisagane na mwenziwe. Tazama haya katika sala yako. Usimamapo, uzito wako wote umebebwa na uti wa mgongo, nyonga, mapaja na miundi. Urukuupo, nyonga ndizo zikunjikazo. Na katika kusujudu, imepokewa katika hadithi sahihi ya Ibn Abbas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrishwa kusujudu juu ya mifupa saba: paji la uso, na mikono miwili, na magoti mawili, na ncha za nyayo mbili. Basi mifupa imetajwa kwa jina lake katika ibada iliyo tukufu kuliko zote.

Ya nne ni kutengeneza damu. Ndani ya mifupa mna uboho, na uboho mwekundu ndio kiwanda cha damu. Kila nukta moja ipitayo hutoka humo chembe nyekundu mpya kama milioni 2, nawe umelala hujui.

Ya tano ni kuweka akiba. Katika kila sehemu 100 za madini ya kalsiamu yaliyomo mwilini, 99 zimo katika mifupa na meno. Damu ikihitaji, huchukua katika ghala hiyo. Na mtu asipoirejesha kwa chakula, mifupa hudhoofika. Maziwa na dagaa waliwao na mifupa yao huirejesha, na jua la Mwenyezi Mungu likiingia katika ngozi husaidia mwili kuipokea.

FASLI YA TATU: ASILI YA MFUPA, NA KUUNGIKA KWAKE

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Mfupa una mishipa ya damu, una uhai, na huvunjwa na kujengwa upya kidogo kidogo umri wote. Nao umechanganywa vitu viwili: madini yaupayo ugumu, na nyuzi laini ziupazo kunepa. Ukitaka kuyaona haya, chukua mfupa mwembamba wa kuku, uutie katika siki siku kadhaa. Siki itayala madini, na mfupa utapindika kama mpira. Na mwengine uuchome motoni. Nyuzi zitaungua, na mfupa utabaki na umbo lake, walakini ukiubana kwa vidole utavunjika vipande. Vikikutana vyote viwili ndipo mfupa huwa mgumu bila ya kuwa mwepesi wa kukatika.

Mfupa uvunjikapo, damu huganda mahali pale. Baada ya majuma mawili matatu huota hapo gegedu lishikalo ncha mbili kwa udhaifu. Kisha gegedu lile hugeuka mfupa, na aghlabu mkono huchukua majuma 6, na mguu majuma 12 au zaidi. Kisha mwili huendelea kuuchonga na kuulainisha miezi mingi, pengine na miaka. Basi fahamu jambo hili: mwenye kuunga mfupa ni Mola wako kwa mwili aliokupa, daktari na mganga kazi yao ni kuzielekeza ncha na kuzituliza zisicheze. Na kila ufunguapo mabanzi na kuutikisa mguu kabla ya wakati wake, huikata kazi iliyokwisha anzwa. Na tumbako pia huchelewesha mfupa kuungika. Basi mvutaji na aiache.

TANBIHI. Avunjikapo mtu, fungeni mahali pale kwa ubao na kitambaa kama palivyo, bila ya kuvuta wala kukanda, mpelekeni hospitali apigwe picha ionyeshayo mifupa. Ikiwa mfupa umetoboa ngozi, funikeni jeraha kwa kitambaa safi wala msiurudishe ndani. Na aliyekwisha fungwa, kwa mabanzi ya mganga au kwa plasta ya daktari, ambayo wengine huiita hogo, aviangalie vidole vyake. Vikiwa baridi, au vikibadilika rangi, au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi sana, basi kifungo kimebana mno na damu haipiti. Jambo hilo si la kungoja asubuhi. Kiungo huweza kufa kwa saa chache, kikawa hakina dawa illa kukatwa.

FASLI YA NNE: TAHARA NA SALA YA ALIYEFUNGWA

Sala haimwondokei mtu maadamu akili yake ipo. Asiyeweza kusimama atasali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa atasali kwa ubavu, kisha kwa chali, naye ataashiria kwa kichwa; na asiyeweza hilo, kwa kope zake. Haya ndiyo madhehebu ya Imamu Shafi'i, Mwenyezi Mungu amrehemu, na asili yake ni hadithi ya Imran bin Huswain.

Ama tahara yake, ikiwa kufungua mabanzi au plasta kwachelewa madhara, haifunguliwi. Atafanya mambo matatu: ataosha sehemu nzima ya kiungo kwa kadiri awezavyo, atapangusa kwa maji juu ya kifungo chote, na mkono uliolowa watosha, si lazima kumwagia, na atatayamamu kwa ajili ya mahali palipofunikwa. Katika udhu atafanya hayo afikapo zamu ya kiungo kile. Na kila faradhi ikija, atatayamamu upya; ikiwa udhu wake haujatanguka, tayamamu peke yake yamtosha.

Akiuliza, "Je, atazilipa sala hizo akipona?", jawabu ni hii. Kifungo kikiwa juu ya viungo vya tayamamu, navyo ni uso na mikono, atazilipa. Kikiwa penginepo, kama mguuni, nacho kimefungwa mtu akiwa na tahara, wala hakikuchukua sehemu nzima illa iliyo dharura ya kukishika, hana la kulipa. Kikifungwa bila ya tahara kikachukua sehemu nzima, au kikapita kadiri ya dharura, atasali kwa wakati wake na kisha atalipa. Na kulipa si sababu ya kuacha. Mwenye kuacha amebeba dhambi pamoja na deni.

MAS'ALA. Kuhusu vyuma watiavyo madaktari ndani ya mfupa, Imamu Nawawi ametaja katika Minhaji kwamba mtu akiungwa mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tahiri, ana udhuru. Ikiwa najisi ina udhuru kwa dharura, basi chuma, ambacho asili yake ni tahiri, hakina neno kabisa, na sala yake ni sahihi.

KHATIMA

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na katika hadithi ya Abu Dharr kwamba kila kiungo kina sadaka yake kila kukicha, na rakaa mbili za dhuha zatosha kwa vyote. Hapo pametajwa viungo, si mifupa, wala haitupasi kuzigombanisha hesabu. Makusudio ni shukrani. Vile vile imepokewa kwamba mwanadamu huoza wote isipokuwa kifandugu, na kwacho ataungwa upya siku ya kufufuliwa. Basi mfupa ni amana uliyopewa mzima. Ukivunjika, upe utulivu wake uungike, na umpe Mola wako sala yake kwa hali uliyo nayo. Mojawapo halizuii la pili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.