Watoto na Sarafu: Tuwafundishe kwa Mikono
Somo: Luka 15:8-10



Nina digrii ya biashara, na hapa Kitale nimefundisha watu wazima mambo ya bajeti mara nyingi. Lakini mwanangu wa miaka sita alinionyesha kwamba nyumbani nilikuwa nimelala. Nilimpa shilingi ishirini ya sadaka, akapitia dukani akanunua peremende. Nilipomuuliza akanijibu, "Baba, si utume tu ingine na simu?"

Fimbo nilikuwa nimeshaishika. Nikaiweka chini. Mtoto ananiona nikilipa kila kitu kwa M-Pesa. Hajawahi kuona pesa ikiisha.

Likizo ilipofika nikampeleka Bungoma kwa kukhu wake, anayeuza ndizi sokoni. Akawekwa kwenye chenji. Sarafu zilizotoka 2018 zina wanyama, kwa kuwa Katiba ya 2010 hairuhusu picha ya mtu kwenye pesa, kwa hivyo hata asiyejua kusoma anazitambua. Alirudi akijua kwamba twiga watano ni faru mmoja, faru wawili ni simba, na simba wawili ni ndovu.

Wazazi, wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Kupanga. Mwaga sarafu mezani, mtoto azitenganishe, kisha abadilishane nawe: shilingi kumi kwa simba mmoja. (Walio chini ya miaka mitatu wasipewe, wanaweza kumeza.)

2. Kutafuta. Ficha sarafu kumi chumbani, umpe mtoto ufagio kama yule mwanamke wa Luka. Akileta tisa, nyamaza. Ahesabu mwenyewe mpaka ajue imebaki moja. Ikipatikana, shangilieni nyumba nzima. Hapo mweleze vile mbingu hufurahia mwenye dhambi mmoja anayetubu.

3. Kugawa. Tafuta mikebe mitatu: sadaka, akiba, matumizi. Mkebe wa matumizi ukiisha, usiongeze. Akilia mbembeleze, lakini usiongeze.

Na sisi tunaotuma sadaka kwa simu, tuendelee kutuma. Ila mtoto apewe sarafu yake aitoe mwenyewe. Jumapili iliyopita mwanangu alisimama mbele ya kikapu na ndovu wake mkononi. Akaniangalia, akaiangalia tena, halafu akaiachilia. Alijua hairudi, na bado akaitoa. Kwangu hiyo ndiyo sadaka yake ya kwanza.

Mungu awabariki.