Yajue Matiti Yako kwa Mikono Yako

Watu wengi huutazama uso kwenye kioo kila asubuhi, lakini sehemu nyingine za mwili huziosha haraka na kuzifunika. Mabadiliko yakitokea, hawayajui mpaka waumwe. Kwa matiti, kungoja maumivu ni hatari, kwani uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi.

Saratani ya matiti ndiyo huwapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Sisi madaktari wa Homa Bay na Migori bado tunapokea akina mama waliokaa na uvimbe miezi mingi. Baadhi yao waliona haya. Wengine waliambiwa ni chira, wakatafuta mitishamba kwanza.

Je, mwanamke anaweza kujishughulikia mwenyewe? Anaweza. Mwaka 2016, katika utafiti uliofanyika kwenye jamii 12 za Kaunti ya Migori, wanawake walijichukulia wenyewe sampuli ukeni ili kupimwa virusi vya HPV, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kuyajua matiti ni rahisi kuliko hivyo.

Fanya hivi siku chache baada ya hedhi kwisha, matiti yanapokuwa laini. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi.

1. Simama mbele ya kioo, mikono ikiwa chini, kisha iinue juu ya kichwa. Tazama umbo, ngozi na chuchu.

2. Unapooga, pitisha mkono wa kulia wenye sabuni juu ya titi la kushoto. Tumia sehemu bapa ya vidole 3 vya katikati. Zungusha polepole, ukianza kwa kugusa kidogo, halafu ukibonyeza zaidi. Anzia chini ya mtulinga hadi mwisho wa titi, na katikati ya kifua hadi kwapani. Badilisha upande.

3. Rudia ukiwa umelala chali, mkono mmoja chini ya kichwa.

Usifanye kwa hofu, wala usidhani unasaka ugonjwa. Unajifunza hali yako ya kawaida. Titi moja laweza kuwa kubwa kuliko jingine, na matiti mengi yana vinundu vyake vya kawaida. Ukivizoea, kigeni utakitambua.

Lakini mkono peke yake hautoshi. Utafiti uliofanyiwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo huko Shanghai, China, ulionyesha mwaka 2002 kwamba kufundishwa kujikagua hakukupunguza vifo. Kwa hiyo kujigusa hakuchukui nafasi ya kupimwa na mhudumu wa afya, hata kama hujaona kasoro.

Nenda kituo cha afya mara moja ukikuta uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, kidonda kisichopona, au damu ikitoka kwenye chuchu. Mama anayenyonyesha asidhani kila uvimbe ni maziwa. Usipoisha baada ya wiki 2, apimwe. Wanaume nao hupata saratani hii, ingawa ni wachache.

Uvimbe mwingi si saratani, ila anayeweza kuthibitisha ni daktari kwa vipimo, si jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukigusa kitu usichokifahamu leo, usingoje kiume.