Nenda Hivyo Hivyo

Tumsifu Yesu Kristo, wadogo zangu! Najua nusu yenu mmeitikia "Milele, amina" kwa mazoea tu, moyo uko kwingine. Leo nazungumza na nusu hiyo.

Barua za safari hii zinafanana. Mdogo wangu wa kwanza amefiwa na mama. Ugonjwa ulikuwa mrefu, novena zikasaliwa, nia za misa zikapelekwa parokiani, na mama akaondoka. "Dada," ananiandikia, "kanisani naenda, lakini ikifika Nasadiki nanyamaza. Mimi bado ni Mkatoliki, au nawazuga watu?" Wa pili ana watoto wawili na mwanamume ambaye hawajafunga naye ndoa. Watu wakijipanga kwenda komunyo, yeye huinamia pochi akijifanya anatafuta leso. Wa tatu hana msiba wala kikwazo. Amechoka tu.

Nianze na wewe uliyefiwa. Pole sana, mdogo wangu. Najua turubai liliposhushwa na viti vya kuazima viliporudishwa, ulibaki na zile kauli za waliokuja kuhani: kazi ya Mungu haina makosa, usilie sana utamkufuru Mungu. Wengi husema hivyo kwa kukosa la kusema, uwasamehe. Lakini akija wa kukuambia mama amekufa kwa sababu imani yako ilikuwa ndogo, huyo usimsikilize hata akiwa ameshika Biblia. Kasome kitabu cha Ayubu mpaka sura ya mwisho, wengi wetu huwa tunaishia njiani. Ayubu alilalamika, akahoji, akalaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake wakamtetea Mungu kwa maneno matamu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale marafiki, akasema Ayubu ndiye aliyesema yaliyo sawa.

Marta na Maria nao walimwambia Yesu waziwazi kwamba angekuwepo, kaka yao asingekufa. Hakuwakemea kwa hilo. Alilia nao. Kwa hiyo ukienda kumlalamikia Mungu hujavunja mwiko wowote. Fungua Zaburi ya 88: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa kufuta machozi. Kanisa halikuificha. Mapadre na watawa huisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala.

Na hayo mashaka? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2088, inatenganisha mashaka ya kukusudia na yasiyo ya kukusudia. Kuna anayeipuuza imani au kuikataa kwa kutaka, na kuna anayesitasita kwa sababu maswali yamemzidi nguvu. Maswali yanayokujia saa nane usiku hukuyaalika. Usiyafuge, usiyafanye kitambulisho chako, lakini usijihukumu kwa kuwa yamebisha hodi. Mtafute padre unayemwamini, au sista, au katekista mwenye masikio kuliko mdomo, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Ukiyasema kwenye kitubio, padre amefungwa na siri ya kitubio maisha yake yote.

Usidhani pia kwamba watakatifu walikuwa na njia nyeupe. Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye picha yake na mawaridi imetundikwa sebuleni kwa watu wengi, aliingia gizani kuanzia Pasaka ya mwaka 1896. Mawazo yalimjia kwamba mbinguni hakuna kitu. Alikuwa anaumwa kifua kikuu, na giza hilo halikumwacha hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Unajua alifanya nini? Aliiandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akawa anatembea nayo. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Mama Teresa wa Kalkuta naye, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi sana alisali bila kumhisi Mungu. Asubuhi aliamka akaenda kuwahudumia wagonjwa.

Sasa turudi kwenye ile Nasadiki unayonyamaza. Mimi nimejifunza kitu kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Jioni moja tulisali rozari nyumbani kwa baba mmoja aliyezika mwanawe. Sebule imejaa, wengine tuko kwenye mkeka, watoto mlangoni. Mwenyekiti akampa fumbo la tatu aongoze. Akaanza Baba Yetu, akaingia Salamu Maria, ya kwanza, ya pili, na kwenye ya nne sauti ikakatika. Kimya. Mama aliyeketi kando yake akaidaka pale pale ilipokatikia. Hakumgeukia, hakumshika bega, aliiendeleza tu mpaka Atukuzwe Baba. Fumbo la nne likaongozwa na mwingine, na la tano tukamsikia yule baba akiitikia pamoja na sisi.

Ndiyo kazi ya jumuiya hiyo, mdogo wangu. Tunaikumbuka wakati wa michango na wakati wa kutafuta barua ya kupeleka parokiani, tunasahau kwamba ipo ili imani isiwe mzigo wa mtu mmoja. Jumapili ukishindwa kusema Nasadiki, simama usikilize walio kando yako wakiisema. Leo wanakusalia, kesho utawasalia wewe. Peleka nia ya misa kwa ajili ya mama, na tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, nenda kaburini kwake kama unafika.

Neno moja zito kabla sijakuacha. Kama miezi imepita na hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, au unawaza kufa, usiambiwe ni upungufu wa sala. Inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Nenda hospitali. Rozari na dawa havigombani.

Wewe wa benchini, inua uso kutoka kwenye hiyo pochi. Kutopokea komunyo hakuna maana kwamba umefukuzwa. Misa ni yako, Neno ni lako, sala ni zako, na unaweza kusali komunyo ya tamaa palepale ulipoketi. Ila nikuulize kama dada: kinachowazuia kufunga ndoa ni nini hasa? Kama wote wawili mko huru, hakuna aliyefunga ndoa kabla, basi nendeni ofisi ya parokia mkaulize kuhusu vyeti vya ubatizo, mafundisho na matangazo. Wengi wanasubiri hela ya sherehe mpaka mtoto wa kwanza anafika kipaimara. Kanisa linahitaji bibi, bwana, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Ukumbi, kamati na keki ya ghorofa tatu si sakramenti. Na kama mmoja wenu alifunga ndoa kanisani zamani ikavunjika, msijihukumu wenyewe wala msihukumiwe na majirani. Mwoneni paroko. Kanisa lina mahakama ya ndoa inayochunguza kama ndoa ile ilikuwa halali tangu mwanzo, na mwaka 2015 Papa Fransisko alifupisha utaratibu wake. Jibu huenda likawa ndiyo, huenda likawa hapana, lakini hutalipata ukiwa umejificha.

Nawe uliyechoka, wewe unayetoka kazini usiku, ukabanana kwenye daladala, ukafika ukapika, ukakagua madaftari ya watoto, kisha unajilaumu kwa kulala kabla ya sala: Mungu anaijua ratiba yako. Ukishindwa rozari nzima, sali fumbo moja ukiwa kwenye foleni. Fanya ishara ya msalaba kabla hujawasha jiko. Amri ya Jumapili ipo na tuitii, ila Kanisa lenyewe linasema mgonjwa, na mama anayelea kichanga, wana udhuru. Mengine huwa ni uvivu, na tofauti yake unaijua mwenyewe. Hapo dada hakutetei!

Wadogo zangu, tumezoea kudhani kwanza tupone, tuamini sawasawa, tunyooshe maisha, ndipo tumwendee Mungu. Yule baba wa kwenye Injili ya Marko, aliyempeleka mwanawe kwa Yesu, alikiri kwamba anaamini na hapo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mtoto wake aliponywa siku hiyo hiyo, wala hakuambiwa arudi imani ikikamilika.

Kwa hiyo Jumapili hii nendeni hivyo hivyo mlivyo. Kaeni benchi la nyuma mkipenda, imbeni mnaoweza kuimba, lieni mnaotaka kulia. Na ukimwona mwenzako amenyamaza kwenye Nasadiki, usimkazie macho. Isali kwa sauti, imtoshe na yeye.