Huaraz, Mji Ulio Chini ya Ziwa la Barafu

Msomaji akitazama ramani ya Amerika ya Kusini ataona nchi ya Peru upande wa magharibi, na ndani yake safu ndefu ya milima iitwayo Andes. Kaskazini ya Lima, mji mkuu, safu hiyo hugawanyika. Mashariki ni Milima Myeupe, ambayo kilele chake kirefu, Huascarán, kina futi 22,205. Magharibi ni Milima Myeusi, isiyo na barafu ya kudumu. Katikati limo bonde la mto Santa, na humo umejengwa mji wa Huaraz, makao makuu ya jimbo la Ancash.

Mji huu una watu zaidi ya laki moja, nao uko futi 10,000 juu ya bahari. (Limuru, ambako mtu wa pwani hutetemeka kwa baridi, hapafiki futi 8,000.) Wakulima wa vijiji vya kandokando, ambao wengi wao husema Kikechua, hupanda viazi, mahindi na ngano, na kuleta mazao yao sokoni Huaraz.

Wakati wa kiangazi maji mengi ya bonde hutoka katika barafu ya Milima Myeupe. Lakini maji hayo hayo ndiyo adui wa mji, na yapasa tueleze sababu yake. Barafu ya mlimani husukuma mbele yake mawe na udongo, mfano wa mtu afagiaye uwanja. Ikipungua kwa joto, lile tuta la kifusi hubaki, na nyuma yake maji hukusanyika yakawa ziwa. Tuta hilo halikujengwa na fundi yeyote. Bonge kubwa la barafu likianguka ziwani, wimbi laweza kuliruka na kulibomoa.

Asubuhi ya tarehe 13 Desemba, 1941, ziwa Palcacocha, lililo maili 14 juu ya mji, lilipasua ukingo wake. Maji, matope na majabali yalishuka bondeni. Theluthi moja ya mji ikafutika, na watu wasiopungua 1,800 wakafa. Kisha tarehe 31 Mei, 1970, likaja tetemeko la nchi lililoua watu wapatao 70,000 katika jimbo na sehemu za jirani yake. Nyumba za Huaraz zilikuwa za matofali mabichi na njia zake nyembamba, hata waliokimbilia nje waliangukiwa na kuta. Mji ulijengwa upya kwa njia pana.

Wenyeji wengi walirudi kujenga palepale mafuriko yalipopita. Serikali ilitaka kuwahamisha, wakakataa. Tusiwaite wajinga: pale ni karibu na soko, na viwanja ni vyao.

Katika miaka ya 1970 wahandisi walichimba mfereji na kujenga kuta ukingoni mwa ziwa. Hata hivyo barafu iliendelea kuyeyuka, kama inavyoyeyuka ile ya Mlima Kenya, na mwaka 2009 ziwa lilipimwa likaonekana lina meta za ujazo milioni 17. Tangu 2011 mabomba hunyonya maji ili kulipunguza.

Mwaka 2015 mkulima mmoja wa Huaraz aliishtaki kampuni kubwa ya umeme ya Ujerumani, akisema moshi wake umechangia joto linaloyeyusha barafu, basi nayo ichangie gharama za kujikinga. Tarehe 28 Mei, 2025, mahakama ya rufani ya Hamm iliitupa kesi yake, kwa kuwa hatari iliyoikabili nyumba yake ilionekana ndogo; lakini mahakimu walikubali kwamba mdai wa namna hiyo aweza kuwa na haki kisheria. Na kule juu, penye futi 15,000, walinzi hukaa kando ya ziwa mchana na usiku, wakipeleka habari mjini kwa redio.